Kata Simu, Kisha Upige Wewe

Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa namna hii: "Ile hela tuma kwenye namba hii, laini yangu nyingine ina matatizo." Hakuna jina la mtumaji, hakuna kiasi, hakuna maelezo. Wengi wetu tunaufuta na kuendelea na shughuli. Lakini aliyeutuma hakuwalenga wanaoufuta. Ameusambaza kwa namba nyingi mno akijua kwamba saa hiyohiyo, mahali fulani, kuna mtu amesimama kwa wakala na fedha mkononi, anataka kumtumia mwenye nyumba kodi, fundi malipo yake, au mwanawe aliye chuoni hela ya matumizi. Kwa mtu huyo ujumbe umefika wakati wake. Deni analijua na anayemdai anamjua, hivyo hatii shaka. Anatuma.

Tazama kilichotokea hapo. Mfumo wa benki haukuvunjwa, wala simu haikuingiliwa. Mteja mwenyewe ndiye aliyebonyeza, namba ya siri ni yake, na muamala umekamilika. Ndiyo maana kuurudisha huwa kazi ngumu. Utapeli mwingi wa mtandaoni uko hivyo. Tapeli hana haja ya kuwa mtaalamu wa kompyuta; anachohitaji ni wewe ubonyeze kwa niaba yake. Na hawezi kukupata ukiwa umetulia, wala ukiwa umekaa na watu wa kukushauri. Kwa hiyo hila zake, ziwe za simu, za WhatsApp au za barua pepe, huja na haraka, na mara nyingi huja na usiri: fanya sasa hivi, usikate simu, usimwambie mtu.

Kinga yake haihitaji simu ya gharama. Mtu yeyote akikupigia au kukuandikia kuhusu fedha, akaunti au hatari, kata simu. Kisha mtafute wewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, usitumie ile aliyokupa yeye. Kama anasema ni benki, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kama anasema ni mtandao wa simu, piga 100, namba ya huduma kwa wateja ambayo mitandao ya simu Tanzania inaitumia. Kama anasema ni kaka yako, piga namba ya kaka yako unayoijua. Jambo la kweli litakuwa bado la kweli baada ya dakika tano. Uongo ndio usiozivumilia dakika hizo.

Sura wanazokuja nazo

Simu inayowaumiza wazazi ni ile ya shule. Mtu anapiga mchana, sauti ina wasiwasi: "Mimi ni mwalimu wa zamu, mtoto wako ameanguka hapa shuleni, tumemkimbiza hospitali." Mama anashtuka na kuuliza, "Amina?" Kuanzia hapo tapeli ana jina. "Ndiyo, Amina. Daktari anataka fedha ya vipimo sasa hivi." Akija kusimulia baadaye, mama huyu ataapa kwamba aliyepiga alimjua mtoto wake kwa jina, na kweli atakuwa anasema anachokiamini. Jina alilitoa yeye mwenyewe kwa hofu. Ukipigiwa simu ya aina hiyo usitaje jina wala darasa. Mwache aliyepiga ataje. Kisha kata, mpigie mwalimu wa darasa au mkuu wa shule. Hilo litawezekana tu ikiwa namba zao umezihifadhi kabla, kwa hiyo zitafute leo, angalau mbili.

Sura nyingine ni ya "huduma kwa wateja". Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania mwaka 2019, na mwanzoni mwa 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Hofu ya kufungiwa laini basi ina msingi, na tapeli anaitumia. Atakwambia usajili wako una kasoro, halafu atakuomba mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni tarakimu zilizoingia kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi. Tarakimu hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako, barua pepe yako au akaunti yako ya benki, na hakuna mfanyakazi halali anayezihitaji. La pili ni kubonyeza nyota nyota 21 nyota, kisha namba fulani, kisha reli. Amri hiyo huzielekeza simu zako zote kwenye namba aliyoitaja, zikiwamo zile za mashine zinazosoma tarakimu za uthibitisho kwa sauti. Ukishuku kwamba umewahi kuibonyeza, piga ##002#. Hiyo hufuta uelekezaji wote.

Kuna "hela iliyotumwa kimakosa". Ujumbe unaingia unaofanana kabisa na ule wa M-Pesa au Airtel Money, kisha mtu anapiga akilia kwamba ametuma hela ya mgonjwa kwenye namba yako. Usiuamini ujumbe, angalia salio. Bonyeza menyu yako ya kawaida, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, usome mwenyewe kilichomo. Usitosheke na jina lililo juu ya ujumbe, kwa sababu jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na simu ikaupanga ujumbe bandia chini ya zile za kweli. Hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige kwa mtandao wake aombe muamala urudishwe. Ukiirudisha mwenyewe, anaweza kupokea ulichotuma kisha akaomba na ule muamala wa kwanza ubatilishwe, hela ikatoka kwako mara mbili.

Kisha kuna michango. Makundi ya WhatsApp ya harusi, misiba na vikoba yanapitisha fedha nyingi, na karibu yote yanamtegemea mtu mmoja: mweka hazina. Akaunti yake ikitekwa, tapeli anaingia ndani ya kundi akiwa na picha yake na jina lake, na anachoandika ni sentensi moja tu: "Ndugu wanakamati, kuanzia leo tumieni namba hii." Watu wanaendelea kuchanga na kuandika kiasi, na kila anayeona mwenzake kachanga anapata moyo wa kuchanga. Kamati ziweke kanuni tangu kikao cha kwanza: namba ya michango haibadilishwi kwa ujumbe. Ikibidi ibadilike, mwenyekiti na mweka hazina wote wawili wapigiwe simu na wathibitishe kwa sauti. Na anayetuma asome jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Jina hilo limewekwa hapo kwa ajili yake.

Siku hizi hata sauti inaigwa. Programu za akili bandia zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kutumia rekodi fupi tu, na video za viongozi wakitangaza kugawa fedha zinatengenezwa kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo kila familia ikubaliane neno moja la siri, lisiloandikwa popote, la kuulizana pale mtu anapoomba fedha kwa dharura. Mtoto wa kweli aliye taabani atalitaja mara moja.

Tamaa na shida

Utapeli wa aina nyingine haukimbilii hofu, unaingilia shida. Kijana amemaliza chuo, anatafuta kazi, anaona tangazo la ajira lenye nembo ya kampuni kubwa. Anaambiwa amepata, ila alipie fomu, sare au kipimo cha afya kabla ya kuripoti. Mwajiri hulipa wafanyakazi, hawalipishi. Anayekutoza ili akuajiri, achana naye hapohapo, hata kama nembo ni ya kweli, kwa maana nembo yoyote inaweza kunakiliwa kwa simu.

Uwekezaji wa ajabu nao si mgeni kwetu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, iliyokuwa ikiwaahidi watu "kupanda" fedha na "kuvuna" zaidi ya walichopanda. Fedha za waliochelewa kuingia ndizo zilizokuwa zikiwalipa waliotangulia, na biashara ya namna hiyo hudumu mradi watu wapya wanaongezeka. Leo ujanja uleule unapita kwenye simu. Unalipa kiingilio, unatazama video au kubofya vitufe, unaona salio lako likipanda kila siku, na unaambiwa utalipwa zaidi ukiwaleta wengine. Mwanzoni unaruhusiwa kutoa kidogo, ili uwe shahidi kwa ndugu zako. Siku ukitaka kutoa kikubwa unaambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungua akaunti". Namba iliyo kwenye skrini yao si fedha. Fedha ni ile uliyoitoa ikaingia benki yako, na pale inapodaiwa ada ili upewe iliyo yako, hapo hapana kitu.

Mikopo ya haraka nayo imeharibu heshima za watu. Unapakua programu, unaombwa ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako, unapewa mkopo mdogo kwa siku chache. Ukichelewa, bosi wako, mama mkwe na mchungaji wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla hujakopa, ulizia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na programu ya mikopo ikidai majina na picha zilizomo kwenye simu yako, usiipe. Mkopeshaji mwaminifu hana kazi na namba ya mama mkwe wako.

Jinsi ya kusoma anwani ya tovuti

Watu huambiwa wasibofye viungo wasivyovijua, lakini ni wachache wanaofundishwa kuvitambua. Anwani husomwa kwa kutafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya ule mkwaju maradufu wa mwanzo, kisha kurudi kushoto. Maneno yaliyo mara tu kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Chukua mfano wa kubuni: https://benkiyako.co.tz/ingia. Kabla ya mkwaju kuna benkiyako.co.tz, na hapo ni benki yako. Sasa tazama hii: https://benkiyako.co.tz.zawadi-leo.com/ingia. Jicho linaona jina la benki mwanzoni, mtu anatulia. Lakini kabla ya mkwaju kuna zawadi-leo.com, na huyo ndiye mwenye tovuti. Jina la benki lililotangulia ni pambo tu. Mtu yeyote anaweza kulibandika hapo.

Alama ya kufuli nayo inawapoteza wengi. Kufuli linamaanisha kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hayasomwi na mtu wa pembeni. Halisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Tapeli naye hupata kufuli, tena bure. Njia salama zaidi ni kutofuata kiungo kabisa pale panapohusika fedha: fungua programu ya benki uliyokwisha kuiweka, au andika anwani mwenyewe.

Kaza mahali panapolegea

Anza na barua pepe. Akaunti nyingine nyingi, mtu akidai amesahau nywila, hutuma kiungo cha kuibadilisha huko. Anayeikamata barua pepe yako amekamata na zilizobaki. Ipe nywila ya peke yake, ndefu, isiyotumika mahali pengine. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, kwa kuwa hayo mawili yako Facebook tayari. Usitumie nywila moja kila mahali: tovuti ndogo ikiibiwa orodha yake, wezi hujaribu nywila hizohizo kwenye tovuti kubwa, na kazi hiyo hufanywa na mashine.

Halafu nenda WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke tarakimu sita za kwako. Kuanzia hapo, hata mtu akikulaghai ukamtajia tarakimu za ujumbe mfupi, atagonga mlango wa pili. Ukiwa hapohapo, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya ofisi uliyoiacha au ya stationery ulikochapisha nyaraka ikiwa bado imo, iondoe.

Kwa laini zako, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya mtandao husika ikafutwe, maana uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utaanza kutafutwa kwako. Unaposajili laini kwa wakala wa barabarani, hakikisha kidole unakiweka kwa laini moja. Ukiambiwa "haijasoma, rudia", subiri, kisha piga *106# palepale kabla hujaondoka. Na simu ikipoteza mtandao ghafla wakati wenzako wa mtandao huohuo wanao, usingoje kesho. Huenda kuna mtu amekwisha kuibadilisha laini yako. Tumia simu nyingine ya mtandao huohuo, piga 100, kisha piga benki.

Kwenye kompyuta, jambo linalopuuzwa zaidi ni masasisho. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai kikombozi. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu ambalo kirusi hicho kilipitia mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa zilikuwa na kinga. Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na bado iko kwenye mashine nyingi za shule na ofisi zetu. Wanaoitumia wapange kuhama. Programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure mara nyingi zimepachikwa virusi. Nakala za kazi zako ziweke kwenye diski ya nje, na uichomoe ukimaliza, kwani kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga na hiyo ikiwa imechomekwa. Na dirisha likikurukia likilia, "Kompyuta yako ina virusi, piga namba hii," usipige. Zima kivinjari. Usimruhusu mtu usiyemjua aishike kompyuta yako akiwa mbali kupitia programu kama AnyDesk au TeamViewer. Kufanya hivyo ni kumkabidhi kiti chako.

Ukishaibiwa

Muda ndio utakaookoa. Piga 100 mara moja, taja namba ya muamala, uombe fedha izuiwe kabla haijatolewa. Badilisha namba ya siri. Nenda polisi ukaandikishe, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa kuwa benki na mtandao wa simu wanaweza kuihitaji. Utapeli wa kompyuta na simu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba iliyokutapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040, huduma iliyowekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ajili hiyo. Kwa walio Kenya, mteja wa Safaricom aliyetuma fedha kwa namba isiyo sahihi apeleke ujumbe huo wa M-Pesa kwenda 456 upesi. Ujumbe wa matapeli hupelekwa 333 bila malipo, na simu halisi ya kampuni hutoka 0722 000 000 pekee.

WhatsApp ikitekwa, isajili upya kwa namba yako na uingize tarakimu zitakazotumwa, mwizi atatolewa. Akiwa ameshaweka tarakimu zake sita za hatua ya pili, utangoja siku saba kabla hujarudi ndani, lakini yeye pia hatakuwemo. Wakati huo wajulishe watu wako kwa simu na kwa ujumbe wa kawaida wasitume chochote.

Jihadhari pia na atakayejitokeza baadaye akisema anaweza kukurudishia fedha zako kwa malipo kidogo. Orodha za waliotapeliwa huuzwa. Mara nyingi anayekuja kama mwokozi ametoka kundi lilelile.

Linalowasaidia sana matapeli ni aibu. Mzee aliyeibiwa kiinua mgongo ananyamaza ili watoto wasimwone mjinga, na kwa ukimya wake jirani yake anaibiwa wiki ijayo kwa maneno yaleyale. Msomi anatapeliwa, mfanyakazi wa benki anatapeliwa, kwa sababu kazi ya tapeli ni kuvizia dakika ambayo umechoka au umeogopa, na hakuna asiyekuwa na dakika hiyo. Anayekuja kukueleza yaliyomkuta, msikilize hadi mwisho kabla ya kumpa somo. Kisha lieneze tukio kwenye kundi la familia, kwa maneno kamili aliyoyatumia tapeli, ili mwingine akiyasikia ayatambue.

Na ukiwa na mzazi mwenye simu, usimtumie makala haya ukadhani umemaliza. Kaa naye. Mhifadhie namba za benki, za shule na za watoto wote. Mwekee hatua ya pili ya WhatsApp, angalieni pamoja *106#, mkubaliane neno la familia. Halafu mwambie, kwa kumaanisha, kwamba hakuna atakayemkasirikia kwa kukata simu, hata kama aliyepiga alikuwa kweli mtu wa benki.